MJERANIAMU WA KUTAMBAA: UA LA AFRIKA LILILOITWA LA WAZUNGU

Barazani petu hapa Chienge, kwenye ufuko wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Mweru, pana sufuria kuukuu iliyotobolewa kitakoni na kutundikwa kwa waya katika boriti. Kutoka ndani ya sufuria hiyo hushuka matawi membamba yenye majani mazito, yang'aayo, yenye pembe tano. Na katika miezi ya baridi, Juni na Julai, matawi hayo huvaa vishada vya maua ya rangi ya waridi. Jioni moja binti wa jirani, ambaye wazazi wake ni watu wa Pweto, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, aliyatazama maua hayo kwa muda, kisha akatuuliza: "Mwalimu, hii maua ya Wazungu, jina yake ni nani?"

Sarufi ya swali lile tuliiacha, kwani hicho ndicho Kiswahili cha kwao, nacho kina kanuni zake. Lakini mambo mawili yalitusumbua. La kwanza, hatukuwa na jina la Kiswahili la kumpa. La pili, tulihisi kwamba neno "Wazungu" halikustahili kuwamo katika swali lile, wala hatukuweza papo hapo kumweleza kwa nini. Makala haya ni jibu letu kwa binti yule. Tunayaleta mbele ya walimu wenzetu kwa sababu mambo hayo mawili, asili ya kitu na jina la kitu, ndiyo kazi yetu ya kila siku darasani. Tutauita mmea wenyewe mjeraniamu, na ua lake jeraniamu; sababu ya kufanya hivyo itaonekana mbele.

Kwao ni wapi?

Wataalamu wa elimu ya mimea huuita mmea huu Pelargonium peltatum. Kwao ni ncha ya kusini ya bara letu, katika majimbo yanayoitwa leo Rasi ya Mashariki na Rasi ya Magharibi, nchini Afrika Kusini. Huko haujui chungu wala kikapu. Huota kati ya vichaka, ukaegemea miti mingine na kupenya katika matawi yake kuutafuta mwanga, kwa maana shina lake halina nguvu za kusimama peke yake. Mahali pasipo pa kuegemea, hutambaa chini au kuning'inia kwenye majabali. Kutambaa kwake, basi, si pambo lililobuniwa na watunza bustani. Ni desturi yake ya tangu kale.

Majani yake ni manene kidogo kwa sababu huweka akiba ya maji ya kuuvusha mmea wakati wa kiangazi. Ukiyatafuna ni machachu, na Makaburu wameuita mmea huo kolsuring kwa ajili ya uchachu huo. Watu wa huko walijua pia kutumia utomvu wa majani kwa maumivu ya koo, na petali zake kutoa rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Kwa hiyo mmea huu ulikuwa na matumizi na wenyeji wake kabla haujapata kuwekwa kwenye dirisha la mtu yeyote.

Waholanzi walianza makazi yao ya Rasi mwaka 1652, ili merikebu za Kampuni yao ya India ya Mashariki zipate maji na mboga njiani. Pamoja na mboga walizopanda, walichimbua pia mimea ya ajabu waliyoikuta na kuipeleka kwao. Mjeraniamu wa kutambaa ulifika Uholanzi mwaka 1700, ukiwa umepelekwa na gavana wa Rasi, Willem Adriaan van der Stel. Haukuwa wa kwanza wa ukoo wake kuvuka bahari. Ndugu yake mmoja, Pelargonium triste, mwenye maua yanayonukia usiku, alikwisha kupandwa Leiden kabla ya mwaka 1600. Na mwaka 1631 mtunza bustani Mwingereza, John Tradescant, alipata mbegu zake kutoka Paris. Baadaye, kuanzia mwaka 1772, Francis Masson alitumwa Rasi na bustani ya Kew, karibu na London, akapeleka huko aina nyingine nyingi.

Ili mwanafunzi wa historia yetu aupate wakati huo vizuri, na akumbuke kuwa Ngome ya Yesu ya Mombasa ilitekwa na Waomani mikononi mwa Wareno mwezi Desemba 1698. Yaani, miaka miwili hivi baada ya Wareno kushindwa Mombasa, huko kusini ya mbali ua la Afrika lilikuwa likipakiwa merikebuni kwenda Ulaya. Vita vya Mombasa viliandikwa vitabuni. Safari ya ua haikupigiwa ngoma.

Korongo na ngao

Huko Ulaya mmea ulipata majina, nayo yana mafunzo kwa mwalimu wa lugha. Mbegu za ukoo huu hukaa katika kikonyo kirefu chenye ncha, mfano wa mdomo wa ndege. Wayunani wa kale walikwisha kuita mimea ya namna hiyo kwa jina la ndege geranos, na Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alipopanga mimea yote ya dunia katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliuingiza mmea wetu katika ukoo huo wa Geranium. Neno peltatum latokana na pelta, yaani ngao ndogo, kwa kuwa kikonyo cha jani hakishikani na ukingo wa jani bali huingia upande wa chini, kama mpini wa ngao ulivyo nyuma ya ngao.

Halafu likaja sahihisho. Mwaka 1789 ilichapishwa kazi ya Mfaransa L'Héritier iliyoitenga mimea ya Rasi na ile ya Ulaya. Maua ya Geranium ya Ulaya yana petali tano zinazolingana. Yale ya Rasi yana petali mbili juu na tatu chini, nazo hazilingani. Akayapa haya ya pili ukoo wao wenyewe, Pelargonium, kutoka kwa ndege mwingine, pelargos. Lakini watu wa kawaida hawakumfuata. Zaidi ya miaka 200 imepita, na sokoni bado mmea waitwa jeraniamu. Hapa twaona kwamba mazoea ya wasemaji huweza kuishinda kalamu ya mtaalamu, jambo ambalo sisi wenye kusanifu istilahi hatuna budi kulikumbuka.

Kuna kichekesho kidogo humo. Ndege hao wawili, ambao wataalamu wa Ulaya waliwatumia kutenganisha koo mbili za mimea, Kiswahili cha kawaida huwaita wote kwa neno moja: korongo. Kama Linnaeus na L'Héritier wangalikuwa wakisema Kiswahili, labda ugomvi wao usingalikuwapo!

Mfalme wa Roshani

Ulaya ina theluji, na mjeraniamu ukipigwa na theluji hufa. Kwa hiyo kwa muda mrefu ulikuwa mmea wa wenye uwezo, waliojenga nyumba za vioo na kuzipasha moto wakati wa baridi. Katika karne ya 19 vioo na majiko vilipopungua bei, watu wa hali ya kati nao wakaweza kuutunza. Waligundua pia kuwa hakuna mmea unaovumilia kisanduku cha dirishani kama huu: udongo mchache, jua kali, upepo, na mwenye nyumba anayesahau kumwagilia. Matawi yake yaninginiayo yaliufunika ukuta mzima. Katika vijiji vya milimani vya Uswisi, Austria na Bavaria, roshani zenye jeraniamu nyekundu zikawa alama ya nchi yenyewe, hata zikachapishwa katika kadi za posta. Aina moja maarufu ya Kifaransa ikaitwa Roi des Balcons, yaani Mfalme wa Roshani.

Mfalme huyu alikuwa mgeni kutoka Afrika, lakini kwa kuwa aliishi ugenini vizazi vingi, wenyeji wake wakamdhania ndugu. Nasi pia, tulipomwona kwenye kalenda na kadi, tukadhani hivyo hivyo. Alipotufikia katika bustani za maofisa na wamisheni, tulimpokea kama mali yao. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno "ya Wazungu" katika swali la binti yule.

Kurudi kwa njia nyingine

Masimulizi haya yangeweza kuishia hapo. Lakini katika miaka ya karibuni mjeraniamu umerudi Afrika Mashariki kwa kazi ambayo wengi hawaijui. Sehemu kubwa ya mijeraniamu inayouzwa Ulaya wakati wa masika yao haizaliwi Ulaya. Huanza kama vipandikizi visivyo na mizizi, vinavyokatwa kwa mkono katika mashamba ya Kenya, Uganda na Ethiopia. Katika Kenya mashamba ya namna hiyo yako mathalani pande za Thika. Sababu zake ni rahisi kufahamu: nyanda za juu zilizo karibu na ikweta zina mwanga wa kutosha mwaka mzima, joto la kiasi, na mikono mingi ya kufanya kazi. Vipandikizi hutiwa katika mifuko, hupelekwa uwanja wa ndege wa Nairobi vingali vibichi, na baada ya siku chache huchomekwa katika udongo wa Ujerumani au Uholanzi ili vitoe mizizi. Mnunuzi wa huko anayetundika kikapu chake mwezi Mei hajui kwamba ua lake lilikatwa na mwanamke wa Kiafrika mnamo Januari.

Mwaka 2003 dunia ilikumbushwa kwa ghafla uhusiano huo. Mwezi Februari wakaguzi wa Marekani waligundua katika mijeraniamu iliyotoka Kenya bakteria wa mnyauko waitwao Ralstonia solanacearum, wa namna ile inayoozesha viazi mbatata. Namna hiyo ilikwisha kuingizwa katika orodha ya vitu vya hatari kubwa, chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 2002 iliyotungwa kujikinga na ugaidi wa kilimo. Basi ua la kupamba baraza likajikuta katika orodha moja na silaha! Nyumba za mimea za majimbo zaidi ya 20 zilikaguliwa, na mimea ikaribiayo milioni 2 ikateketezwa. Tangu hapo mashamba yanayopeleka vipandikizi Marekani yamewekewa masharti makali: maji ya kumwagilia husafishwa, visu hutiwa dawa, na viatu huoshwa mlangoni.

Tumelieleza jambo hili kirefu kidogo kwa sababu bakteria hao wanatuhusu. Ndugu zao hushambulia nyanya na biringani katika nchi zote za joto. Husafiri katika maji, katika udongo na juu ya kisu. Mkulima wa nyanya wa Chienge na mkata vipandikizi wa Thika wana adui mmoja.

Muhogo na mjeraniamu

Sasa na turudi ziwani, tulinganishe. Chakula kikuu cha Chienge, Nchelenge na bonde zima la Luapula ni muhogo. Hakuna mtu hapa awezaye kusema kuwa muhogo ni wa Wazungu. Lakini asili ya muhogo ni Amerika ya Kusini! Wareno waliuleta pwani ya magharibi ya Afrika kutoka Brazili, na kutoka huko ulisafiri kuelekea mashariki kupitia nchi za Walunda, kutoka shamba hata shamba, mwanamke akimpa jirani yake kipande cha shina. Msafara wa Mreno Lacerda ulipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1798, muhogo ulikwisha kuwa chakula cha nchi.

Njia ya mashariki nayo ilileta mambo yake. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilifika pande hizi katika karne ya 19. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alipigana na Nsama wa Watabwa mwaka 1867, naye ameyasimulia hayo kwa Kiswahili katika maisha yake. Tarehe 8 Novemba mwaka huo huo Livingstone aliliona Ziwa Mweru kwa mara ya kwanza, akiwa amefuatana kwa muda na wafanyabiashara hao. Hata kisiwa kilichomo ziwani kinaitwa Kilwa, jina lile lile la mji wetu wa kale wa pwani. Waingereza walijenga boma Chienge mwaka 1891. Na kuanzia Agosti 2017, vita vya Kongo vilipowasukuma maelfu ya watu kuvuka mpaka na kuingia Chienge, Kiswahili kiliongezeka tena katika ufuko huu; na mwaka 1998 ule wa vita vya pili vya Kongo usisahauliwe. Makazi ya Mantapala, katika wilaya ya Nchelenge, yalifunguliwa mwaka 2018 kwa ajili yao.

Tazama basi ajabu hii. Mmea uliotoka Brazili twauita wetu, na mmea wa Afrika twauita wa Wazungu. Tofauti yao haimo katika asili. Muhogo ulifika kwa miguu, kutoka mkono wa jirani hadi mkono wa jirani, nao ukapewa jina na kila lugha iliyoupokea. Mjeraniamu ulifika umekwisha kuandikwa jina na wengine, nasi hatukujisumbua kuupa letu. Kitu kisicho na jina katika lugha yako ni vigumu kukiita chako.

Susu la maua

Kabla ya kulieleza jina, hatuna budi kueleza malezi, maana atakayelipenda jina atataka na kipandikizi.

Kata ncha ya tawi lisilo na ua, urefu wa kidole cha kati hivi, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini. Kiache kivulini saa chache mpaka jeraha likauke. Ukikichomeka kingali kinatoa maji, aghalabu huoza. Kisha kichomeke katika mchanga wenye unyevu mdogo. Kikishika mizizi, kihamishie katika chombo kilichotobolewa chini, chenye udongo uliochanganywa na mchanga. Chombo kisichotobolewa ni kaburi la mmea huu.

Ziwa Mweru liko yapata mita 920 juu ya usawa wa bahari, na joto la Oktoba hapa ni kali. Katika joto hilo mjeraniamu hupumzika, usitoe maua, usidhani umekufa. Utundike upande wa mashariki wa baraza, upate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Kuanzia Novemba hadi Aprili, uweke mahali mvua isipoufikia. Ukinywa maji kupita kiasi, majani yake hutoa malengelenge upande wa chini, ambayo baadaye hukauka kama magamba. Hilo si ugonjwa wa kuambukiza. Punguza maji tu. Lakini mmea ukinyauka hali udongo wake ni maji, kata shina, ulitumbukize katika glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye jeraha, huo ni mnyauko wa bakteria. Uchome mmea, wala udongo wake usiumwage penye nyanya.

Na chombo chenyewe cha kutundika tukiiteje? Wako wanaosema "kikapu cha kuning'iniza", nao hawakukosea. Lakini Waswahili wa pwani tangu zamani wanalo neno susu, yaani kitundikio cha kamba cha kuwekea vyakula, mbali na paka na panya. Kwa nini tusiseme susu la maua? Desturi ya kulea mimea ya kunukia karibu na nyumba nayo si ngeni kwetu: mrihani na mwasumini zimekuwa katika nyua za miji ya pwani miaka mingi, na kutokana nazo hufungwa vikuba vya wanawake. Sufuria yetu ya Chienge ni mwendelezo wa desturi hiyo, bara.

Kiambishi kimoja

Sasa jina. Lugha yetu ina njia yake ya kupokea mimea ya kigeni. Neno waridi ni la Kiarabu. Mti wake tumeuita mwaridi. Pera na nanasi tulizipata kwa Wareno. Miti yake ni mpera na mnanasi. Hakuna aliyekaa mkutanoni kuamua hayo. Tunda au ua huingia na jina lake, kisha lugha huliwekea kiambishi cha M-, na mara moja mmea unaingia katika ngeli ya mti na miti, ukawa na wingi, ukapatana na vivumishi na vitenzi kama mwembe na mbuyu. Kwa kanuni hiyo hiyo twasema: jeraniamu ni ua, mjeraniamu ni mmea, mijeraniamu ni mimea. Atakayetaka kuitofautisha na aina isimamayo, na aseme mjeraniamu wa kutambaa. Na kama yuko mwalimu apendaye kuitumia ngao ya Linnaeus akauita mjeraniamu-ngao, hatutagombana naye. Wasemaji wataamua, kama walivyoamua kwa L'Héritier.

Twapendekeza zoezi hili kwa walimu wenzetu. Kila mwanafunzi na aandike mimea kumi iliyo nyumbani kwao, kisha atafute asili ya kila mmea na asili ya jina lake, katika safu mbili. Ataona kwamba safu hizo mara nyingi hazipatani, na katika kutopatana huko atajifunza historia nyingi kuliko katika orodha ya tarehe.

Binti yule alirudi baada ya wiki mbili. Tulimwambia kuwa ua lile laitwa jeraniamu, na mmea wake mjeraniamu. Kwamba kwao ni Afrika, lilitembea sana ugenini, na huko ndiko lilikopewa majina yake ya kwanza vitabuni. Alifikiri kidogo, akasema: "Basi ni kama sisi. Lilivuka, halafu likarudi." Hatukuwa na la kuongeza. Tulimkatia vipandikizi vitatu, tukamfungia katika karatasi, tukamwonya asivipande siku ile, aviache kwanza jeraha likauke.